Kutega dishi la safari, Tabora hadi Kigoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wanaosafiri na kulala garini: Coaster iliyong'olewa viti ikawekwa kitanda, Land Cruiser yenye hema juu ya paa, lori lenye kitanda nyuma ya dereva, au gari la kulala lililoagizwa nje likiwa na jiko lake ndani. Namba zote ni za njia ya Tabora, Urambo, Kaliua, Uvinza mpaka Kigoma. Ukiwa Arusha au Mtwara kanuni hazibadiliki, namba zinabadilika.

Sijawahi kutega dishi maishani. Nianze na nini?

Anza kwa kuinua uso juu. Satelaiti za televisheni ziko juu ya ikweta, kilometa 35,786 kutoka ardhini, na zinazunguka kwa mwendo ule ule wa dunia, ndiyo maana kwetu zinaonekana zimetulia mahali pamoja. Tabora na Kigoma ziko digrii 5 tu kusini mwa ikweta. Satelaiti inayobeba DStv kwa Afrika Mashariki ipo longitudo 36 Mashariki, na Tabora yenyewe iko karibu 32.8. Maana yake, iko karibu na utosi wako.

Wengi wanaohangaika wamejifunza kwa video za Ulaya, ambako dishi husimama wima ukutani likitazama mbali juu ya mapaa. Wakifika Kaliua wanalisimamisha vile vile, kisha wanazunguka nalo huku na huku mpaka chakula kinapoa. Lingezungushwa hadi asubuhi lisingeona kitu, kwa kuwa linatazama chini mno. Njia hii kazi kubwa ni mbili: nguzo iwe timazi, yaani wima kabisa, na mwinuko uwe sahihi. Dira inafuata baadaye.

Basi nipe namba.

Uelekeo unahesabiwa kwa dira kuanzia kaskazini (0) kupitia mashariki (90), kusini (180) na magharibi (270). Mwinuko unahesabiwa kutoka usawa wa ardhi (0) mpaka utosini (90).

DStv, satelaiti ya digrii 36 Mashariki:
Tabora: uelekeo 33, mwinuko 83
Kaliua: uelekeo 40, mwinuko 82
Uvinza: uelekeo 48, mwinuko 81
Kigoma: uelekeo 53, mwinuko 80 na nusu

Azam, satelaiti ya digrii 7 Mashariki:
Tabora: uelekeo 280, mwinuko 59
Kaliua: uelekeo 281, mwinuko 60 na nusu
Uvinza: uelekeo 281 na nusu, mwinuko 62
Kigoma: uelekeo 281 na nusu, mwinuko 63

Kwa lugha ya barabarani: DStv ni kaskazini-mashariki na juu sana. Azam ni magharibi, ukikunja kidogo kwenda kaskazini, na juu kiasi.

Mbona uelekeo wa DStv unahama digrii 20 kutoka Tabora hadi Kigoma, wakati wa Azam hauhami?

Kwa sababu kwa DStv wewe uko karibu chini ya satelaiti yenyewe. Kitu kilicho karibu na utosi, ukipiga hatua chache tu upande unakiona kimehamia pembe nyingine, lakini urefu wake angani ni karibu ule ule. Azam iko mbali upande wa magharibi. Ukiikaribia kwa kilometa 350 hivi, ambao ndio umbali wa moja kwa moja kati ya miji hii miwili, inapanda juu digrii 4 na uelekeo unabaki pale pale.

Usiogope hizo digrii 20. Dishi likiwa limeinuliwa hadi 83, kulizungusha digrii 10 kwenye nguzo kunasogeza lengo lake angani kwa digrii 1 na robo tu. Dishi la sentimeta 90 lina upana wa kuona wa karibu digrii 2. Kwa hiyo ukikosea dira kwa digrii 10, bado king'amuzi kitaonyesha dalili na utamalizia kwa kuzungusha polepole. Kwa Azam, kosa lile lile la digrii 10 linasogeza lengo digrii 5 nzima, na hapo hutaona chochote.

Kosa la mwinuko halina nafuu kwa satelaiti yoyote. Digrii 3 za mwinuko ni digrii 3 angani, na umeshapotea.

Nimeweka 83 kwenye kipimo cha bano (chuma kinachoshika dishi kwenye nguzo), lakini dishi limelala chali. Ni sawa kweli?

Ni sawa, na bado halijalala kiasi unachodhani. Dishi hizi za mviringo mrefu hazipokei mawimbi kutoka mbele kabisa ya uso wake. Zinapokea kutoka juu zaidi, kwa pembe ya digrii 22 hadi 26 kutegemea muundo, na ndiyo sababu mkono wa LNB (kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi) hutokea chini badala ya kusimama katikati. Dishi la aina hii likisimama wima kabisa, tayari linatazama angani kwa digrii 24 hivi. Kwa mwinuko wa 83, uso wa dishi unalala nyuma digrii 59 kutoka wima, sawa na digrii 31 kutoka ardhini. Linakaa kama sinia lililoegemezwa kwenye tofali. Kwa Azam ukiwa Tabora, linalala nyuma digrii 35 tu.

Kipimo kilichochongwa kwenye bano huwa kimeshahesabu pembe hiyo. Shida huja pale dishi la kampuni moja linapofungwa kwenye bano la kampuni nyingine, jambo la kawaida sana kwa dishi za kununua mtumba. Hapo usikiamini kipimo. Fanya hivi: pima urefu wa dishi kutoka ukingo wa juu hadi wa chini, pima na upana. Gawanya upana kwa urefu, kisha tumia kikokotoo cha simu kutafuta pembe ambayo kosini yake ni jibu hilo (kitufe cha cos⁻¹). Dishi la urefu wa sentimeta 88 na upana wa sentimeta 80 linatoa digrii 24 na nusu. Hiyo ndiyo pembe ya dishi lako. Itoe kwenye mwinuko unaoutaka. Halafu laza rula ndefu au ubao ulionyooka kutoka ukingo wa juu hadi wa chini wa dishi, weka simu juu yake ikiwa kwenye programu ya kupima mlalo, inamisha dishi mpaka namba ikubali. Angalia tu simu inahesabu kutoka wima au kutoka ardhini. Hapo ndipo watu wanapogeuza 59 kuwa 31.

Bano langu linaishia 70. Haliinuki zaidi.

Kwa Azam halitakusumbua kokote njiani. Kwa DStv, inamisha nguzo yenyewe. Nguzo ikilala nyuma digrii 13, kuelekea upande ulio kinyume na satelaiti, dishi lenye bano la 70 linatazama 83. Ukiwa Tabora satelaiti iko uelekeo 33, kwa hiyo kichwa cha nguzo kiegemee uelekeo 213, yaani kusini-magharibi. Kwa stendi ya miguu mitatu, refusha mguu ulio upande wa satelaiti au uuwekee mbao na tofali chini yake.

Ukiinamisha nguzo, kuzungusha dishi kunabadilisha na mwinuko pia. Elekeza stendi nzima kwanza, halafu usizungushe zaidi ya digrii chache kila upande.

Stendi niisimamishe juu ya nini?

Chochote kisichozama. Udongo wa Tabora una mchanga mwingi, na ufukweni Kigoma ni mchanga mtupu. Mguu mmoja ukizama sentimeta 2 usiku, mwinuko umebadilika na asubuhi unafikiri king'amuzi kimekufa. Weka vipande vya mbao au tofali chini ya kila mguu, kanyaga mpaka vitulie, ndipo upime kwa pimamaji. Pima nguzo pande mbili zinazokutana kwa pembe mraba, maana upande mmoja unaweza kusema iko sawa huku imelala upande wa pili. Huna pimamaji? Kamba na nati ni timazi tosha.

Kisha ning'iniza dumu la maji la lita 20 katikati ya miguu. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa ziwani ni mkali, na dishi la sentimeta 90 ni tanga kamili.

Sikushauri kufunga dishi juu ya paa la gari. Kila mtu akipanda au kushuka gari linayumba kwenye springi, na picha inayumba nalo. Gari la kulala lenye vishikizo vya kulituliza chini linaweza kuvumilia, Coaster haiwezi.

Nielekeze hatua zote mara moja.

Nguzo timazi. Mwinuko kwa namba ya mahali ulipo, bolti zikazwe nusu ili dishi lisishuke lenyewe lakini lisogee ukilisukuma. LNB igeuzwe inavyotakiwa (swali lake linakuja). Waya uingizwe kwenye king'amuzi kabla ya kukiwasha, siyo baada, maana waya huo unabeba umeme wa kuendesha LNB, na kugusanisha ule uzi wa katikati na nyavu za nje kunaweza kukiunguza. Washa, ingia kwenye menyu ya mawimbi, mtu mmoja akae na TV.

Sasa zungusha dishi polepole kuanzia digrii 20 kabla ya uelekeo mpaka digrii 20 baada yake. Polepole maana yake ni kusogeza upana wa kidole, kuhesabu hadi tatu, kusogeza tena, kwani king'amuzi huchelewa kuonyesha kilichopatikana, na anayezungusha haraka huipita satelaiti bila kujua. Ukimaliza bila kitu, panda digrii 1 ya mwinuko, rudia. Kisha shuka digrii 1 chini ya ulipoanzia, rudia. Ukipata, kaza bolti za kuzungusha kwanza, halafu za mwinuko, zamu kwa zamu kila upande, ukitazama ubora usishuke wakati spana inakaza.

Mkiwa wawili, kubalianeni maneno kabla ya kuanza. "Hapo hapo!" ikitamkwa baada ya fundi kuishapita satelaiti huzaa ugomvi wa bure. Bora anayekaa na TV ataje namba ya ubora mfululizo: kumi na mbili, thelathini, hamsini, arobaini.

Nguvu inaonyesha 80, ubora 0. Nimekaribia?

Hapana. Nguvu hupanda hata dishi likitazama mawingu, kwa kuwa LNB inapiga kelele yake yenyewe na waya unaifikisha kwenye king'amuzi. Nguvu inakuambia jambo moja tu: waya mzima, LNB ina umeme. Ubora ndio unaosema kuwa king'amuzi kimesoma kitu kinachoeleweka.

Ila kuna hali ya tatu. Ubora umepanda vizuri, chaneli hazipo. Hapo umeshika satelaiti ya jirani. Upande wa Azam hili hutokea, kwa kuwa kuna satelaiti nyingine digrii 5 Mashariki, digrii 2 tu pembeni yake. Usibadilishe kitu kwenye menyu. Sogeza dishi kidogo, angalia jina la mtandao kwenye ukurasa wa taarifa za mawimbi.

Na nguvu ikiwa 0 kabisa? Hiyo ni kazi ya waya. Kata sentimeta 3 za mwisho, funga kichwa upya, hakikisha hakuna hata unywele mmoja wa nyavu unaogusa uzi wa katikati. Waya unaobanwa na mlango wa gari kila siku hufa mahali hapo hapo.

LNB igeuzwe kiasi gani? Fundi wa mjini alisema iachwe ilivyo.

Fundi wa mjini anafunga dishi lisilohama, na huenda ameshaizoea pembe yake bila kuihesabu. Anayesafiri anapaswa kuijua, kwa kuwa njia hii ina pembe za ajabu.

Mawimbi ya satelaiti hizi huja kwa mikao miwili, mlalo na wima, na king'amuzi huchagua mmoja kwa kupeleka volti 13 au 18 kwenye LNB. Mlalo na wima hapo ni kwa kipimo cha satelaiti. Wewe uliye pembeni yake unaona mikao hiyo imepinda, na kadiri ulivyo karibu na ikweta inapinda zaidi. Simama nyuma ya dishi ukitazama linakotazama. Kwa DStv, geuza LNB kufuata mshale wa saa: digrii 32 hivi Tabora, 52 hivi Kigoma. Kwa Azam, geuza kinyume cha mshale wa saa: digrii 79 Tabora, 77 au 78 Kigoma, yaani karibu iwe imelala ubavu.

Chukua namba hizo kama mahali pa kuanzia, kisha malizia kwa ubora. Ukitoka Tabora na pembe ya Tabora hadi Kigoma utapungukiwa nguvu kidogo tu, lakini mawimbi ya mkao wa pili yanaanza kuvuja na kuchafua. Ndiyo ile hali ya nusu ya chaneli kuwa safi na nusu kukatakata. Watu hununua LNB mpya kwa ugonjwa huu. Dawa ni kulegeza skrubu moja.

Nimeegesha chini ya mwembe. Nitapata?

Mwembe huo ndio adui. Tabora mpaka Ujiji miembe ya njia za misafara ya zamani bado imejaa, na kila dereva anafuata kivuli. Lakini satelaiti ikiwa utosini, kinachozuia ni kilicho juu yako, na majani mabichi yana maji, yanameza mawimbi. Egesha gari kivulini ukipenda, dishi lipeleke juani kwa waya mrefu. Mita 20 za waya mzuri wa RG6 hazina madhara.

Upande wa heri ni kwamba kuta, maghala na milima si tatizo. Kwa DStv ukiwa Tabora, ukuta wa mita 3 ulio mbele ya dishi unahitaji nafasi ya sentimeta 40 tu. Mti wa mita 15 unahitaji mita 2 kutoka ukingo wa majani. Kwa Azam hesabu ni kubwa zaidi: mita 1.8 kwa ukuta ule, mita 9 kwa mti ule, na hiyo ni kama vimekaa upande wa magharibi. Vikiwa mashariki havikuhusu. Milima inayouzunguka mji wa Kigoma inawatisha wageni bure, maana kwa digrii 80 hakuna mlima unaofika huko.

Dira ya simu inadanganya?

Karibu na gari, ndiyo. Chuma kinaivuta. Sogea mita 4 au 5, izungushe simu kwa umbo la namba nane ili ijirekebishe, soma, chagua alama ya mbali kama mti au mnara, kisha rudi kwenye dishi ukiifuata alama hiyo. Tofauti kati ya kaskazini ya dira na kaskazini ya kweli kwa eneo hili ni ndogo, isikusumbue.

Kama hakuna mtandao wa simu?

GPS haihitaji bando. Programu ya kutega dishi ikishapakuliwa mjini itafanya kazi porini. Hata bila hiyo, namba zilizo hapo juu zinatosha: ukiwa kati ya Kaliua na Uvinza, chukua namba ya katikati.

Dishi la sentimeta ngapi linafaa safari?

La 80 au 90. La 60 ni rahisi kubeba, na kwa kuwa upana wake wa kuona unakaribia digrii 3, ni rahisi hata kulitega, lakini eneo lake ni chini ya nusu ya lile la 90. Siku ya jua hutaona tofauti. Masika utaiona.

Mvua ikinyesha picha inaondoka. Nitege upya?

Usiguse! Matone ya mvua humeza mawimbi ya aina hii, na huku mvua za Novemba hadi Aprili huja kwa kishindo. Wingu likipita, picha inarudi yenyewe. Anayetoka na mwavuli kuzungusha dishi katikati ya mvua atakuwa na kazi mbili wingu likishapita. Tena huku tuna nafuu: mawimbi yanashuka karibu wima, yanapita kwenye mvua kwa njia fupi. Ulaya ambako satelaiti iko chini, mawimbi hupita kwa mshazari.

Kama mvua ndogo tu inakata picha, ulikuwa umetega pembeni. Siku kavu ubora ulitosha kwa kubahatisha. Malizia kutega vizuri jua likitoka.

Anga jeupe, mchana, hakuna upepo, picha imekatika dakika chache ikarudi. Kesho yake tena saa ile ile.

Tazama kalenda. Kama ni siku chache kabla au baada ya tarehe 22 Machi au 21 Septemba, ni jua. Siku hizo jua linapita nyuma ya satelaiti kabisa, na kelele zake zinafunika mawimbi. Kwa DStv ni kati ya saa sita na nusu na saa saba kasoro mchana, kwa Azam ni karibu saa tisa alasiri. Hakuna cha kutengeneza.

Fundi mjanja huigeuza kuwa faida: dakika hiyo jua liko pale pale satelaiti ilipo. Kivuli cha LNB kikiangukia mahali pake kwenye dishi lililotegwa vizuri, weka alama, na utaitumia kukagua mtego wako siku zile kila mwaka.

Dishi moja, LNB mbili, DStv na Azam pamoja?

Haiwezekani. Kutoka Tabora satelaiti hizo mbili zimeachana zaidi ya digrii 30 angani. Chagua moja, au beba dishi mbili. Kwa wapenzi wa Simba na Yanga uchaguzi umeshafanywa, Ligi Kuu iko Azam.

Vipi yale makuba meupe ya juu ya paa yanayotafuta satelaiti yenyewe?

Ni mazuri yakikufaa, na ni ghali. Kabla ya kulipa, soma karatasi ya vipimo kwa mambo mawili. La kwanza, mwinuko wa juu kabisa. Mengi yametengenezwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, ambako satelaiti haziko utosini, na lisilofika 83 halitaona DStv ukiwa Tabora hata ulilipie dhahabu. La pili, orodha ya satelaiti zilizomo kwenye kumbukumbu yake: digrii 36 na digrii 7 ziwemo, au uweze kuziongeza mwenyewe. Mengi yanafanya kazi gari likiwa limesimama tu. Ya kufuata satelaiti gari likienda ni aina nyingine, na bei nyingine.

Dishi la kawaida gari likienda ni hapana.

Na kwenye meli ziwani?

Hapana vile vile, meli inageuka na kuyumba. Wanaokwenda Gombe wajue hakuna barabara ya kufika, ni boti tu, kwa hiyo gari na dishi vinabaki Kigoma.

Umeme nitoe wapi?

Angalia nyuma ya king'amuzi na TV. Kama vimeandikwa 12V, havihitaji inveta, ambayo inakula umeme wake yenyewe bila kukupa kitu. Lakini usivichomeke moja kwa moja kwenye betri ya gari: injini ikiwaka volti hupanda kupita 14. Weka kifaa kidogo cha kutuliza volti kwenye 12.

TV ya inchi 24 na king'amuzi kwa pamoja hutumia wati 45 hivi, karibu ampea 4. Mechi nzima na maneno yake ya kabla na baada ni saa mbili na ushee, chini ya ampea-saa 10. Betri ya maji ya ampea-saa 100 usiichote zaidi ya nusu. Na iwe betri ya pembeni, siyo ya kuwashia gari. Kusukuma Coaster kwenye mchanga wa Uvinza alfajiri ni adhabu usiyoistahili.

Nimelipia, mawimbi yapo, chaneli zimefungwa.

King'amuzi kilichozimwa wiki nyingi hakijui kuwa umelipa. Ruhusa huja kupitia satelaiti, kwa hiyo kinapaswa kuwaka kikiwa kimeshika mawimbi. Kiache kwenye chaneli moja dakika 15 hadi 30, kisha omba ruhusa itumwe tena kwa programu ya simu au kwa kupiga. Ukilipa ukiwa barabarani na dishi liko kwenye buti, omba itumwe tena baada ya kutega. DStv ikiandika E48-32, hilo si suala la malipo. Hakuna mawimbi, rudi kwenye dishi.

Nikivuka kwenda Burundi?

Mawimbi hayajui mpaka, utayapata kwa namba zinazokaribia za Kigoma. Akaunti inajua mpaka. Haki za kuonyesha mechi hununuliwa nchi kwa nchi.

Mzee wangu anataka taarifa ya habari tu. Lazima dishi?

Akiwa Tabora mjini au Kigoma mjini, antena ya kawaida na king'amuzi cha antena vitampa habari bila purukushani zote hizi. Antena inalala na kutazama mnara wa mjini, haitazami juu. Mkishaacha mji na mnara ukapotea nyuma, dishi linahitajika.

Kila tukihama naanza upya. Hakuna njia ya mkato?

Ipo, ni kalamu ya rangi isiyofutika. Ukishapata ubora mzuri Tabora, chora mstari mmoja unaovuka bano na mkono wake, uandike T. Ukifika Kigoma chora mwingine, K. Kwa DStv mistari hiyo miwili imeachana digrii 2 na nusu tu, kwa hiyo kituo chochote cha katikati kipo ndani yake. Fanya hivyo kwa LNB pia: kwa DStv mistari itaachana digrii 20, kwa Azam itakaribia kugusana.

Unapofungasha, legeza bolti za kuzungusha tu. Za mwinuko ziache zimekazwa, dishi lisafiri na pembe yake. Mkono wa LNB ung'oe, usiuache ukining'inia. Ukipinda hata kidogo kwenye rasta za barabara, kila mstari uliochora unakuwa uongo, na hutajua ni kwa nini.